Vernal Equinox ya Jon Hassell: hii ni tarumbeta kweli?

Shabiki wa Santuri

Ndugu zangu, nimepata Vernal Equinox ya Jon Hassell, santuri ya mwaka 1977 iliyotolewa upya mwaka 2020 na Ndeya, lebo yake mwenyewe. Jalada linasema anapiga tarumbeta. Mimi nimekulia mtaa ambao haupiti Jumamosi bila matarumbeta ya harusi, na ninavyoijua sauti hiyo, inapasua hewa. Hii inanong'ona, imejaa pumzi, kama mtu anayeimba akiwa ameinamia mtungi. Nimekwisha kubadilisha sindano bila mafanikio. Je, nakala yangu ni mbovu? Na kipande cha "Viva Shona" kinahusiana vipi na Washona?

Mwalimu wa Zamani

Nakala yako ni nzima, ndugu. Hassell, mzaliwa wa Memphis, alisoma kwa Stockhausen, mtunzi wa Kijerumani, mjini Cologne kisha akawa mwanafunzi wa Pandit Pran Nath, mwimbaji wa Kihindi wa mtindo wa Kirana. Mwimbaji wa mtindo huo haruki kutoka sauti moja hadi nyingine, bali huteleza polepole akipita kila kilichomo katikati, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu vali tatu za tarumbeta zimeundwa kukata sauti vipande vipande. Ilimbidi mteremko huo autafute kwa midomo na pumzi, halafu mlio aupitishe kwenye mitambo ya umeme. Sikiliza tena kipande chenye jina la santuri, kile cha zaidi ya dakika 20: chini kuna mlio mmoja usiokatika, na tarumbeta inauzunguka bila haraka yoyote.

Mgogo wa Mjini

Kuhusu Washona: katika "Viva Shona" David Rosenboom, Mmarekani, anapiga mbira, ala ya Washona wa Zimbabwe yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambayo sisi wa Dodoma tunaitambua mara moja kuwa ni ndugu ya ilimba yetu. Nakiri kipande ni kizuri. Hata hivyo kilirekodiwa Toronto, katika studio ya Chuo Kikuu cha York, bila mpigaji wa Kishona, na kabila zima likaambulia kutajwa kwenye jina la wimbo. Hassell baadaye aliuita muziki wake Dunia ya Nne, yaani mchanganyiko wa muziki wa jadi wa watu mbalimbali na mitambo ya umeme. Jina tamu, ila wenye dunia hiyo hawakuulizwa.

Mwalimu wa Zamani

Hoja hiyo siipingi, ingawa Naná Vasconcelos, Mbrazili, yumo na ngoma zake, na hakuna anayeweza kumwita pambo. Santuri hii ndiyo iliyomfanya Brian Eno, mwanamuziki na mtayarishaji wa Kiingereza, amtafute Hassell, wakatoa pamoja santuri ya Possible Musics mwaka 1980. Anayetaka kusikia Hassell kabla hajawa na jina kubwa aanzie hapa.

Shabiki wa Santuri

Nawashukuruni, wakubwa. Jana usiku nimeisikiliza yote, taa zikiwa zimezimwa. Kwenye kipande cha mwisho, "Caracas Night", nilisikia mbwa akibweka kwa mbali, nikafungua dirisha kumtazama wa jirani. Kumbe yumo ndani ya santuri, na kwenye orodha ya wapigaji ametajwa kwa jina lake, Perrasita. Mgogo wa Mjini, sijui hili litakupoza au litakuongezea hasira.