Acheni kusema "ajali haina kinga" wakati breki zenyewe zimeisha

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa picha za pikipiki kali. Huu ni wa ugomvi.

Mtu akianguka na pikipiki, maoni hayakawii. Wa kwanza: "Pole, ajali haina kinga." Wa pili: "Siku ikifika imefika." Wa tatu: "Mungu ndiye mpangaji." Hakuna hata mmoja anayeuliza tairi la mbele lilikuwa na hali gani, wala kama helmeti ilikuwa kichwani au imening'inia kwenye kiwiko kama kikapu cha sokoni. Kinga ipo, jamani. Imeandikwa kwenye kile kitabu cha mwongozo mnachokitupa pamoja na nailoni siku chombo kinapofika nyumbani. Nimechoka na hii tabia ya kumsingizia Mungu mambo ya spana.

Naanza na mafundi, maana wao ndio walionifikisha hapa.

Nimepeleka pikipiki kubadilishwa oili, nimetaja na daraja ninalotaka. Imerudi na oili ya gari. Nauliza, najibiwa: "Oili ni oili kaka, tena hiyo ni ya injini kubwa, ndiyo nzuri zaidi." Nzuri zaidi kwa nani? Pikipiki nyingi za gia, klachi yake inaogelea ndani ya oili ileile inayolainisha injini na giaboksi. Oili nyingi za magari, hasa zile nyepesi zinazotangazwa kuokoa mafuta, zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano! Ukiuondoa, unavuta moto injini inapiga kelele lakini chombo hakiendi, huku sahani za klachi zinaungua taratibu. Wajapani walishalimaliza hili tangu 1998 kwa JASO, kiwango chao cha oili za pikipiki. Chupa ikiandikwa MA au MA2, hiyo ni ya klachi inayolowa oili. Ikiandikwa MB, ni ya skuta ambazo klachi yao haiguswi na oili. Herufi hizo zipo kwenye chupa, fundi anaishika kila siku. Nilipolalamika nikaambiwa nimeharibiwa na kusomasoma. Sawa.

Halafu cheni. Fundi anaikaza mpaka haichezi kabisa, anaipigapiga na spana, anatabasamu, "sasa imekaa." Imekaa wapi? Gurudumu la nyuma likipanda na kushuka na shokapu, umbali kati ya sproketi mbili (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni) unabadilika, ndiyo maana cheni lazima iachiwe ulegevu kidogo. Kwa pikipiki nyingi za barabarani ni milimita 20 hadi 35 hivi ukiisukuma juu na chini katikati, na kitabu chako kitakupa kipimo chake hasa. Iliyokazwa kupita kiasi inakula beringi za giaboksi na za gurudumu, na siku moja inakatika. Iliyolegea kupita kiasi inaruka meno. Ikijisokota kwenye sproketi mkiwa mwendo kasi, gurudumu la nyuma linakamata palepale, na hapo ndipo mtaandika "siku ikifika".

Na bado fundi huyohuyo anaiosha kwa petroli na brashi ya waya! Cheni za siku hizi nyingi zina pete ndogo za mpira zinazofungia grisi ndani ya viungo. Petroli inaua mpira, waya unaukata, grisi inatoka, maji na mchanga vinaingia. Tumia mafuta ya taa na brashi laini, ifute ikauke, kisha paka mafuta ya cheni upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu kwa mkono na INJINI IMEZIMWA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Wale mnaowasha, mnatia gia ya kwanza ili gurudumu lijizungushe huku mmeshika kitambaa, sproketi haitofautishi kitambaa na kidole.

Mafuta ya breki ndiyo kabisa. Fundi akiona yamepungua, anaongeza chochote kilicho karibu. Hajiulizi kwa nini yamepungua (mara nyingi ni kwa sababu pedi zimelika). Haya mafuta yananyonya unyevu wa hewa hata chombo kikiwa kimeegeshwa tu. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya, kiwango kinataka isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinaruhusu ishuke hadi 155. Sasa shuka mlima mrefu umekanyaga breki muda wote. Mafuta yanachemka, yanatoa mapovu, mapovu yanabonyezeka, unavuta mkono wa breki unafika mwisho hakuna kitu. Kesho yake: "breki zilifeli ghafla". Hazikufeli ghafla, zilianza kufeli siku mliyokataa kubadilisha mafuta. Vitabu vingi vinasema kila baada ya miaka 2. Na DOT 5, ile ya silikoni, haichanganywi na 3, 4 wala 5.1, hata kama namba zinaonekana ni ndugu.

Nihamie kwa wauza helmeti, maana hawa nao wana lao.

Ganda la nje ni robo ya habari tu. Kinachookoa ubongo ni lile povu gumu la ndani, linalokubali kupondeka ili kichwa kisisimame kwa mshtuko. Povu hilo linapondeka mara moja, halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyokwishapiga lami kwa nguvu ni ya kutupa, hata kama inang'aa. Ninyi mnazipaka rangi upya na kuziuza! Nyingine mnauza zikiwa na sponji tu ndani, la kuminya kwa kidole. Helmeti ya kweli ina povu gumu nene, sentimita 2.5 hivi. Yenye idhini ya ECE (kiwango cha usalama cha Umoja wa Mataifa) ina lebo, aghalabu imeshonwa kwenye mkanda wa kidevu: herufi E ndani ya duara, na namba ya idhini inayoanza na 05 au 06. Stika iliyobandikwa kisogoni ambayo inabanduka kwa kucha si idhini, ni pambo. Hata iliyo nzima ina umri wake, Snell, taasisi ya Marekani inayopima helmeti, wanashauri ibadilishwe kila baada ya miaka 5.

Wala habari hii si mpya. T. E. Lawrence, yule afisa wa Uingereza wa vita vya Uarabuni, alikufa 1935 baada ya kuanguka na pikipiki bila kinga ya kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakusema "ajali haina kinga". Alikwenda kuchunguza vichwa vya wanajeshi waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki, akachapisha matokeo yake 1941. Hiyo ni enzi ya babu zenu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, 2008 yalikuta helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ikiwa IMEFUNGWA. Mkanda unaopepea ni sawa na kichwa wazi, kwa sababu helmeti inatangulia kuondoka kabla kichwa hakijagusa chini.

Sasa sisi waendeshaji, msidhani mmepona.

Mtu ana ekzosi mpya inayoamsha mtaa mzima, ana taa za rangi chini ya tangi, lakini tairi la nyuma kipara. Vioo vya pembeni kang'oa, eti vinaharibu muonekano. Na ule uzushi wa "usiguse breki ya mbele, itakurusha" nani aliuanzisha? Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, tairi la mbele linagandamizwa na kushika barabara vizuri, la nyuma linakuwa jepesi. Nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Kinachokurusha ni kuivuta kwa pupa, au kuivuta huku umelaza chombo kwenye kona au juu ya mchanga. Ianze taratibu, ongeza kadiri uzito unavyohama, na ya nyuma isaidie. Mtafiti Harry Hurt na wenzake wa Los Angeles, Marekani, walichunguza ajali 900 papo hapo zilipotokea, ripoti ikatoka 1981. Walikuta waendeshaji wengi waliingiwa na hofu wakakanyaga ya nyuma mpaka ikateleza, ya mbele wakaitumia kidogo mno. Asilimia 92 yao walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Umesikia hiyo? Jamaa aliyekufundisha kwenye uwanja wa mpira naye alifundishwa vilevile.

(Wenye magari msicheke. Ripoti ileile ilikuta kwamba pikipiki ilipogongana na chombo kingine, karibu theluthi mbili ya ajali zilitokea kwa sababu mwenye chombo kingine aliingilia njia isiyo yake. Taa iwe inawaka mchana kweupe.)

Mwendo nao, hesabu ni ya shule ya msingi. Kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukiangalia simu sekunde mbili, umeendesha mita 33 ukiwa kipofu. Na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne, si mara mbili.

Nimewaacha mwisho wenye pikipiki za magurudumu manne kwa sababu ndio wananipandisha presha kabisa, hasa wanaozikodisha. Ati "hizi ni salama, zina miguu minne, haziwezi kuanguka". Zinapinduka! Na zikipinduka zinakulalia, kilo mia mbili na zaidi juu ya kifua. Kile kiti kirefu hakikutengenezwa kwa ajili ya mpenzi wako wala mtoto. Kimeachwa kirefu ili dereva asogee mbele akipanda mlima, nyuma akishuka, na pembeni kwenye kona. Ukimpakiza mtu, hamna pa kusogea, na uzito umekaa nyuma na juu. Ukipanda nayo mlima hivyo, inanyanyua mbele na kukurudia.

Za kwanza zilikuwa na magurudumu matatu, zikaumiza watu, wengi wao watoto, mpaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza huko, na kutowauzia watoto wa chini ya miaka 16 zile za ukubwa wa watu wazima. Australia, tangu 11 Oktoba 2021, pikipiki mpya ya magurudumu manne ya kazi za kawaida haiuzwi bila chuma cha kumkinga dereva ikipinduka. Kampuni kadhaa kubwa zikaona bora zilihame soko hilo. Nanyi mnampa mtoto wa miaka 10 mashine ya mtu mzima, mnapiga video.

Na muitoe kwenye lami! Nyingi zina ekseli ya nyuma isiyoachia, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa. Kwenye udongo linateleza moja, unapinda. Kwenye lami linang'ang'ania, usukani unagoma, kisha unakubali ghafla. Upepo wa matairi yake ni kati ya pauni 3 na 7 kwa inchi ya mraba kwa nyingi, wakati la gari linakwenda 30 na zaidi. Fundi anajaza kama la gari kwa sababu kipimo chake hakisomi chini ya 10. Likigonga jiwe linadunda, anayedunda nalo ni wewe.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Anayesema "hela ya kufanya yote hayo iko wapi", mkuu, kukagua hakuna bei. Bonyeza breki, sukuma cheni kwa kidole, tingisha gurudumu, angalia taa ya nyuma, tazama kama kuna nati imelegea au oili inavuja. Unamaliza kabla wimbo haujaisha. Na wewe unayejisifu umeendesha miaka yote kichwa wazi hujafa, waliokufa hawana akaunti za kukujibu.

Aliyeuliza tairi linajulikanaje ni la zamani: tafuta ubavuni maandishi DOT (hayahusiani na daraja la mafuta ya breki), mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira unakakamaa na kupasuka hata ukiwa dukani, kwa hiyo "jipya" la miaka 9 si jipya. Shukeni mkaangalie sasa hivi, mrudi mziandike tarakimu hizo hapa chini bila kudanganya. Langu la nyuma ni 3422. Anayefuata?