Nyigu jikoni kwa Mama Shadya (gumzo la Majirani Chuno, Mtwara)

*Ijumaa*

[16:42] Mama Shadya: Jamani majirani, mwenye barafu naomba. Shadya kaumwa na nyigu mara tatu, moja shavuni. Kaingia jiko la uani kuchukua fagio, kumbe wamejenga kwenye boriti chini ya makuti

[16:43] Bi Zuhura: Maskini mjukuu wangu! Ninazo barafu za ubuyu kwenye friji, Juma anakuja nazo mbio

[16:44] Nesi Rehema: Pole mama. Nijibu upesi. Anapumua vizuri? Midomo au ulimi umevimba? Ana vipele sehemu ambazo hakuumwa? Anatapika?

[16:46] Mama Shadya: Hapana, analia tu. Ila shavu limevimba mpaka jicho linataka kufumba

[16:47] Nesi Rehema: Alhamdulillah. Muoshe kwa maji na sabuni, barafu uifunge kwenye kanga ndiyo umwekee, dakika kumi kisha unatoa, unarudia. Asitoke machoni pako jioni hii. Akianza kukoroma, midomo ikavimba au akalegea, usipoteze muda kuniandikia mimi, ingia bajaji moja kwa moja hospitali. Kesho uvimbe unaweza kuzidi kidogo, usishtuke, shavu ni laini

[16:49] Mzee Chitanda: Mpakeni mafuta ya taa. Newala ndivyo tulivyofanyiwa

[16:50] Nesi Rehema: Shikamoo babu. Mafuta ya taa hapana babu yangu, yanaunguza ngozi ya mtoto, na hapo jicho liko karibu

[16:51] Mzee Chitanda: Marahaba mwanangu. Basi wewe ndiye mjuzi

[16:53] Mama Shadya: Natafuta mwiba siuoni

[16:54] Mwl. Saidi: Hutauona mama. Anayeacha mwiba ni nyuki. Nyigu anachoma anauchomoa, ndiyo maana mmoja anaweza kukurudia

[17:05] Baba Shadya: Ndo natoka shamba. Nafika nawatia moto wote, petroli ipo kwenye pikipiki

[17:05] Balozi: Baba Shadya usithubutu!! Makuti hayo, na kusi linavyovuma! Utaunguza nyumba zetu zote

[17:07] Baba Shadya: Shikamoo balozi. Basi niwapulizie salfa, bomba ninalo hapa

[17:09] Fundi Hashimu: Kaka salfa ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, si ya nyigu. Na ile dawa ya mbu wa mikorosho, wadudu wa shambani, usiingize jikoni, mnapikia humo. Tuma picha ya kiota

[17:12] Mama Shadya: 📷 Picha

[17:14] Fundi Hashimu: Kama kisosi, hicho tunakiweza. Kingekuwa kikubwa au kimeingia ndani ya ukuta ningewaambia tupige zimamoto, 114. Sikilizeni. Sasa hivi mtu asisogee, wengine wako nje wanawinda, wanarudi mmoja mmoja. Tungoje giza, wote wakishatulia. Ndoo ya maji na sabuni ya unga nyingi, koroga. Bomba lioshwe vizuri kwanza, lisibaki hata harufu ya dawa ya shamba. Sabuni inawaziba vitundu vya kupumulia ubavuni, wanadondoka. Mikono mirefu, suruali ndani ya soksi, kilemba mpaka masikioni. Tochi tusishike, tunaiweka chini pembeni, maana wakiruka wanafuata mwanga. Na usisimame chini ya kiota, simama ubavuni, mlango uwe nyuma yako

[17:20] Bi Zuhura: Na wale wangu wa udongo, wamejenga vijumba ukutani kama vidole?

[17:23] Mwl. Saidi: Hao waache bibi. Kila jike anajenga peke yake, hana jeshi la kulinda, kuchoma ni nadra sana. Humo anafungia buibui, chakula cha mwanawe. Hata hawa wa Mama Shadya nisingependa waguswe kama wangekuwa juu ya mkorosho huko mbali, wanatuwindia viwavi. Tatizo wamekaa kwenye njia ya mtoto

[19:38] Baba Shadya: Tumemaliza. Wamedondoka karibu wote, mmoja kamchoma Hashimu kidoleni. Kiota tumekikwangua kwa mti, tumekifukia

[19:40] Mama Shadya: Hashimu Mungu akulipe. Barafu imebaki, njoo

*Jumamosi*

[07:15] Mama Shadya: Kaamka. Jicho nusu limefunguka, kaomba chapati mbili

[07:16] Bi Zuhura: Aje kwangu, zipo motoni 🙏🏾

[07:31] Fundi Hashimu: Leo napita kuangalia mapaa ya watu. Kiota kipya kinaanza na jike mmoja na vyumba vichache, ukikiona hivyo unakiangusha kwa fagio refu jioni. Wakishaongezeka ndiyo yanakuwa ya jana

[07:34] Balozi: Anza kwangu, kuna kitu nakiona juu ya choo. Na mabibo yakianza kudondoka mwaka huu, tafadhalini, yasiozee uani. Mwaka jana nyigu walijaa pale kisimani watoto wakashindwa kuchota maji

[07:36] Mama Shadya: Balozi, pale kisimani nitafagia mimi