Mjadala: Hurrem wa Sultan alikuwa na roho mbaya, au alikuwa mama mwenye hofu?

Jamani ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili hili maana juzi saluni hapa Chikongola nusura watu wavunjiane heshima. Waliofuatilia tamthilia ya Sultan pale Azam wanamjua Hurrem, yule binti aliyetekwa akaletwa Istanbul utumwani mpaka Sultan Suleiman akamuoa ndoa kabisa. Dada mmoja anasukwa akasema yule mwanamke ni fitina tupu, kamchonganisha Mustafa, mtoto wa Sultan kwa mwanamke mwingine, na baba yake mpaka kijana wa watu akanyongwa, saluni nzima ikaitikia. Mimi nikabisha na bado nabisha.

Mlitaka afanye nini? Kwa Waosmani, yaani ukoo wa kina Suleiman uliotawala Uturuki, Sultan mpya akikaa kitini alikuwa na ruksa ya kuua ndugu zake wa kiume, sheria inayotajwa kuwa ya Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Konstantinopoli 1453, na watu waliitumia kwelikweli, 1595 Mehmed wa Tatu kaingia tu kanyonga ndugu zake 19. Kumi na tisa jamani! Sasa Mustafa, aliyezaliwa na Mahidevran, yule suria aliyemtangulia Hurrem, ndo mkubwa, askari wanampenda, na Hurrem ana watoto wa kiume ndani. Mustafa alikuwa kijana mzuri nakubali, siku anaingia kwenye lile hema la baba yake nililia, ila uzuri wake ungewasaidia nini kina Selim na Bayezid?

Halafu sisi watu wa huku ndo tungemuelewa wa kwanza. Wamakonde, Wamwera, Wayao, kwa asili mtoto ni wa ukoo wa mama, mama akionewa kuna mjomba atasimama, kuna kwao pa kurudi. Hurrem kwao kumeshateketea, lugha si yake, hata jina kapewa, Mahidevran anampiga mpaka anamchana uso na hakuna wa kumuulizia. Ndo maana akajitengenezea ndugu, binti yake Mihrimah akaozeshwa kwa Rustem Pasha, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Sultan, basi akapata mtu wa kumsimamia barazani.

Mama mdogo wangu yeye kanibana pazuri, kasema hofu ya watoto ilikuja baadaye, mbona kabla hajazaa alishaamua lazima ampite Mahidevran? Hii hoja nzito, nimelala nayo. Ila naona mle ndani ya harem, makao ya wanawake wa Sultan, binti asiyependwa alikuwa si kitu, kwa hiyo kupenda na kujiokoa vilikuja pamoja, hata mwenyewe sidhani kama angeweza kuvitenganisha. Na kupenda alipenda, barua zake kwa Suleiman akiwa vitani zipo mpaka leo. Damu ya Mustafa siioshi lakini, ile 1553 itabaki shingoni kwake na kwa Rustem, na kwa Suleiman zaidi maana yeye ndo baba.

Na kafa 1558, mwaka uliofuata tu Selim na Bayezid wakapigana, tumbo moja hao, Bayezid akakimbilia Iran na 1561 akauawa huko pamoja na wanawe. Kama ndugu wa mama mmoja walifika huko, nyie mnaosema ni roho mbaya tu nijibuni, Mustafa angekaa kitini watoto wa Hurrem wangeponea wapi?