Mjadala: Asiyekuwepo na lake halipo. Anayefanyia kazi nyumbani atapanda cheo lini?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Kila tukigusia suala la kufanyia kazi nyumbani, naisikia kauli ileile: "Wewe piga kazi tu, matokeo yataonekana." Naipinga. Matokeo yanaonekana, sawa, lakini aliyeyaleta anasahaulika.

Mwaka wangu wa tatu wa kufanyia kazi nyumbani tulikuwa na mkutano wa video. Wenzangu sita wamekaa chumba kimoja, mimi peke yangu kwenye skrini. Kikao kikafungwa, tukaagana. Kabla sijabonyeza kutoka nikasikia viti vinasogezwa, kisha mtu akauliza, "Sasa ule mradi mpya tumpe nani?" Yakatajwa majina mawili, wakakubaliana moja, wakahamia stori nyingine. Ripoti iliyozaa mradi ule niliiandika mimi. Wangenikataa ningejua la kujibu. Hawakunikumbuka tu, na hilo liliniuma kuliko kukataliwa.

Wala si langu peke yangu. Kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, ilianza jaribio mwaka 2010 na wafanyakazi wa kituo chake cha simu Shanghai waliojitolea. Waliozaliwa tarehe shufwa walifanyia kazi nyumbani siku 4 kwa wiki kwa miezi 9, wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipopima, wa nyumbani walikuwa wamefanya kazi zaidi kwa asilimia 13, na kasi yao ya kuacha kazi ilishuka kwa nusu. Lakini ukiwalinganisha watu wenye utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa cheo mara chache zaidi. Yaani kazi ileile, ubora uleule, cheo kinakwenda kwa aliye karibu.

Sasa wanaotaka watu wote warudi ofisini siku 5 wasishangilie mapema. Kampuni hiyohiyo, ikiwa sasa inaitwa Trip.com, ilijaribu tena mwaka 2021 na 2022 kwa wafanyakazi 1,612, safari hii wakikaa nyumbani siku 2 tu kwa wiki. Waliojiuzulu walipungua kwa theluthi, na upandaji vyeo haukutikisika hata walipofuatiliwa kwa miaka 2. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024.

Msimamo wangu ndio huo: nyumba haina kosa. Kinachomwangusha mtu ni kutoonekana kabisa mahali ambapo wakubwa wanaamua kwa kukumbuka sura. Siku chache za kuonana zinatosha kuliziba pengo. Nani ana hoja tofauti?

Mchangiaji:

Mkuu, nina mtoto mchanga na mama mgonjwa nyumbani. Hizo siku chache zako sina. Kwa hiyo mimi ndiyo basi tena? Halafu bosi anayepandisha watu kwa kuwaona machoni, tatizo ni lake, si langu.

Mleta mada:

Dada yangu, pole kwa uuguzaji. Tatizo ni la bosi, hapo nakubaliana nawe moja kwa moja. Ila anayelipia ni wewe, ndiyo maana sitaki usubiri abadilike.

Baada ya ule mkutano nilianza kumwandikia mkuu wangu kila Ijumaa mistari minne: nilichomaliza, kilimsaidia nani, kilichokwama, na nilichoamua mwenyewe. Mfano: "Nimeondoa malipo yanayojirudia kwenye orodha ya wateja. Mwezi uliopita walilalamika 14, mwezi huu 2." Mwanzoni niliona kama najisifu, na malezi yetu hayatufundishi hivyo. Lakini ilipofika tathmini ya mwaka, mkuu wangu alikuwa na kitu cha kusoma mbele ya wenzake, hakutegemea kumbukumbu.

La pili, omba vigezo vya kupanda cheo kwa maandishi. Visipokuwepo, ujue vinaamuliwa kwa mazoea. Na la tatu ni la ofisi: mmoja akiwa kwenye skrini, wote wakae kwenye skrini, na uamuzi usifanywe baada ya kuagana. Hili la tatu nalipigania kila ninapopata nafasi.

Mchangiaji mwingine:

Mimi nimeajiriwa mwaka jana, sijawahi kukaa meza moja na mwenzangu yeyote, na kazi zangu zinapita bila shida. Naona mnakuza mambo.

Mleta mada:

Mdogo wangu, wewe ndiye unayenipa wasiwasi kuliko wote. Kazi kupita ni kitu kimoja, kufundishwa ni kingine. Kuna watafiti waliowafuatilia wahandisi wa programu wa kampuni moja kubwa ya Marekani. Waliokaa jengo moja na timu yao walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi zao, na ofisi zilipofungwa kwa sababu ya korona tofauti hiyo ikapungua. Waliofaidika zaidi na ukaribu huo walikuwa vijana na wanawake. Wazoefu ndio walioubeba mzigo: muda wa kufundisha uliwapunguzia kazi zao wenyewe.

Kwa hiyo tafuta mzoefu mmoja, umwombe nusu saa kwa wiki. Mpelekee kazi ambayo imekwishapita, umuulize yeye angeifanyaje. Akikuonyesha makosa matatu ambayo hakuna aliyekuambia, rudi hapa utueleze.