Mama ana baridi yabisi, daktari anataka apimwe TB kabla ya sindano ya kuzuia TNF. Naombeni ushauri

BintiKibosho

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Mama yangu ana miaka 61, yuko Kibosho. Baridi yabisi imemshika miaka mingi. Vidole vimevimba na vimeanza kupinda, asubuhi hawezi kukunja ngumi mpaka jua lipande. Ndizi za mtori wanamenya wajukuu, majani ya ng'ombe tunamlipa kijana wa jirani akate. Anatumia methotreksati mara moja kwa wiki, vidonge vya foliki asidi na prednisoloni kidogo. Zamani zilimsaidia, sasa hazitoshi.

Daktari bingwa hapa Moshi ameshauri aanze sindano ya adalimumabu kila baada ya wiki mbili. Anasema inazuia protini inayoitwa TNF. Lakini kwanza anataka picha ya kifua, kipimo cha TB, cha homa ya ini B na cha VVU. Hapo ndipo familia imegawanyika. Kaka yangu wa Dar, ambaye ndiye anayebeba gharama kubwa, anasema mama hakohoi wala hajakonda, tunamcheleweshea dawa ya nini. Mama naye hataki kipimo cha TB kabisa, anaogopa kijiji kitamsema. Na kuna jambo ambalo nyumbani huwa halizungumzwi: babu, baba yake mama, aliwahi kulazwa Kibong'oto, hospitali ya TB, mama akiwa msichana mdogo.

Naomba kueleweshwa. TNF inafanya nini mwilini, na TB inaingiaje hapo? Tusisitize apime, au aanze sindano kwanza maana maumivu ni makali?

Mzee_wa_Rau

Pole sana binti yangu. Kwa umri wangu nimeona wengi wenye shida hiyo. Mpikieni majani ya mlonge, mumpe na tangawizi asubuhi, kinga yake ipande. Kinga ikiwa juu hata TB haimgusi. Hizo sindano za kushusha kinga mimi naziogopa.

Maabara_Moshi

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, ila hapa naomba nipingane nawe. Kinga ya mama huyu haijapungua, inafanya kazi kupita kiasi, tena dhidi ya viungo vyake mwenyewe. Mlonge kama mboga hauna ubaya, lakini kupandisha kinga silo hitaji lake.

Dada, mimi ni mtu wa maabara, dawa ataamua daktari wake. Nitakueleza namna mwili unavyofanya.

TNF ni saitokini, yaani moja ya protini ambazo seli za kinga hutoa ili kuziambia seli nyingine la kufanya. Watoaji wakubwa ni makrofaji, seli zinazomeza vijidudu. Sisi wa vihambani tunajua yowe likipigwa usiku, kila mwenye panga anatoka. TNF ndiyo yowe. Inajishika kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuruhusu seli nyeupe zipenye, homa inapanda, saitokini nyingine zinaitika. Kwa mama, yowe linapigwa ndani ya viungo mchana na usiku na mwizi hayupo. Gegedu inaliwa, seli zinazomeng'enya mfupa zinachochewa. Ndiyo maana vidole vinapinda, na ndiyo maana dawa ya maumivu peke yake haitoshi.

Protini hii ilielezwa mwaka 1975 na kundi la Elizabeth Carswell na Lloyd Old huko New York, wakiichunguza kwa uwezo wake wa kuua uvimbe wa saratani kwenye panya. Baadaye Marc Feldmann na Ravinder Maini wa London walionyesha kwamba kwenye viungo vyenye baridi yabisi TNF ndiyo inayozisukuma saitokini nyingi nyingine. Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa kingamwili ya kuizuia, na watu ambao dawa za zamani zilishindwa kuwasaidia wakapata nafuu. Kwa hiyo anachopendekeza daktari wenu kina msingi imara.

Sasa TB. Mtu akivuta hewa yenye bakteria wake, makrofaji huwameza, lakini mara nyingi hazimalizi wote. Seli za kinga hukusanyika na kuwazingira katika kivimbe kidogo kinachoitwa granuloma. Humo bakteria wanaweza kukaa miongo kadhaa. Mwenye nao haumwi, hakohoi, hamwambukizi mtu. Hiyo ndiyo TB fiche. Ila granuloma haijengwi mara moja ikaachwa. TNF ndiyo inayozifanya seli zibaki pale zikiwa na nguvu ya kuwabana bakteria. Ukiizuia, mzingiro unalegea na wanatoka.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2001 Joseph Keane na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 70 waliougua TB baada ya kupewa infliksimabu, dawa ya kundi hilihili. Kwa wengi TB ilijitokeza ndani ya miezi michache tu ya matibabu, na kwa zaidi ya nusu yao ilikuwa nje ya mapafu. Kaka yako asome hapo mara mbili. Kutokohoa leo hakusemi kitu kuhusu kilichojificha. Na mama, ambaye akiwa msichana aliishi nyumba moja na mgonjwa wa TB, ana sababu ya kupimwa kuliko wengine.

Kuhusu kipimo chenyewe: kile cha ngozi mnadungwa mkononi na kurudi kusomewa baada ya saa 48 hadi 72. Chanjo ya BCG, ile ya kuzuia TB, inaweza kukifanya kionekane chanya. Kipimo cha damu hakibabaishwi na BCG, chenyewe kinapima saitokini nyingine, interferoni gama, ambayo seli za mama zitaitoa zikikutanishwa na protini za bakteria wa TB kama zinawakumbuka. Lakini prednisoloni inaweza kuzizubaisha seli hizo na jibu likatoka hasi kimakosa. Kwa hiyo habari za babu zisemwe kwa daktari hata kama kipimo ni hasi. Msizifiche, tafadhali.

Soweto_Moshi

Kupima ni lazima. Ongeza swali moja kwa daktari: etanasepti inafaa kwa mama? Nayo inazuia TNF, ila hatari yake ya kuamsha TB imeonekana kuwa ndogo kuliko ya adalimumabu. Kupima bado kunabaki palepale.

Mwanakihamba

Mke wangu yuko kwenye sindano hizi. Shika suala la friji mapema. Dawa yenyewe ni protini, inakaa nyuzijoto 2 hadi 8 na ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka usiitumie. Msiiweke karibu na sehemu ya barafu, na mkipanda nayo Kibosho kwenye boksi la baridi isigusane na barafu moja kwa moja. Umeme ukikatika msome karatasi iliyo ndani ya pakiti, imeandikwa inaweza kukaa nje muda gani. Bima nayo muiulize kabla, jibu mlipate kwa maandishi. Kuanza halafu kukatiza kwa kukosa pesa kunaumiza sana.

BintiKibosho

Asanteni mno, nimemsomea mama kwa simu sehemu ya babu, amekaa kimya, kisha ameuliza: wakikuta hiyo TB fiche, atatengwa? Na sindano itacheleweshwa kiasi gani? Pia, mama hunywa mbege jioni kidogo, hasa kukiwa na shughuli.

Muuguzi_Siha

Mwambie mama shikamoo yangu. Hatengwi. TB fiche haiambukizi, anakula na wajukuu sahani moja, analala nao, anakwenda kanisani. Majibu ni siri yake na wahudumu wake. Kama anaogopa macho ya watu, apimiwe hospitali ileile anayotibiwa viungo, hakuna atakayejua amechukuliwa damu ya nini.

Wakiikuta atapewa dawa za kuizuia isiamke. Kuna isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6 au 9, na kuna mseto wa isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Hasubiri amalize zote. Madaktari wengi huanza sindano baada ya angalau mwezi mmoja wa dawa hizo, na muda huo methotreksati anaendelea nayo. Mwezi huo ni mgumu kwa mwenye maumivu, najua, mwombeni daktari ampangie dawa ya kuuvuka. Wakikuta TB iliyoamka hapo ni habari nyingine, itatibiwa kwanza.

Mbege aache kabisa kipindi hicho. Isoniazidi inalichosha ini, methotreksati inalichosha, pombe ikiingia katikati ini linaumia. Atapimwa damu ya ini mara kwa mara. Kama ana vidonge vya presha muvitaje, rifapentini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa. Akipata ganzi miguuni aseme, kuna vitamini B6 ya kusaidia.

Na sindano zikishaanza, hata kama kipimo kilikuwa hasi: homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, tezi shingoni, tumbo kujaa, kikohozi kisichoisha. Akiona mojawapo, sindano inayofuata asidungwe, mpigieni daktari siku hiyohiyo. Desemba wageni wakipanda kutoka Dar na Nairobi, mwenye kikohozi cha wiki mbili aende kupima kabla hajalala nyumba ya mama.

BintiKibosho

Mama amekubali. Tunashuka mjini Jumatatu, na kaka amesema atapiga simu azungumze na daktari mwenyewe. Nitamwuliza na ile ya etanasepti.