Nimeinuliwa kitini ili mnunuzi wa Nairobi akae

Binti wa Kuze:
Ndugu zangu, naandika mikono ikinitetemeka, na chai niliyoimimina niliporudi nyumbani imepoa bila kuguswa. Leo saa nne asubuhi nimeinuliwa kitini. Nimeinuliwa na dalali ambaye nyote mnamjua, kwa hiyo sina haja ya kumtaja: yule mwenye simu tatu mezani, anayemwita kila mteja "bosi" mpaka siku ya kutia saini, na ambaye hakuna lango la fleti kuanzia Kongowea hadi Shanzu ambalo hajalibandika namba yake.

Kisa ni fleti ya vyumba viwili huko Mkomani, Nyali, hapa Mombasa. Wiki mbili zilizopita tulipatana shilingi milioni 7 na laki 2, akanipa mkono, akatuombea baraka mimi na mume wangu. Nikavunja akiba ya miaka 11, nikauza na mkufu wa marehemu mama (hilo sitaki kulizungumza), ili nipate arubuni ya asilimia 10, ada ya wakili, na ushuru wa stempu ambao kwa mjini ni asilimia 4 ya thamani. Leo nimefika na hundi ya benki mkobani, nimekaa mbele ya meza yake, naye ananiambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba fleti sasa ni milioni 8. Nikamuuliza kilichoongezeka ni nini, maana kuta ni zile zile na bomba la jikoni bado linavuja. Akanijibu kwamba imegundulika ina mandhari ya bahari.

Bahari ipi? Nimeingia katika fleti ile mara nne. Ukitaka kuiona bahari ni lazima usimame juu ya ndoo iliyofudikizwa, ndani ya choo, utoe kichwa dirishani hadi mabegani, na hata hapo utaambulia kipande cha buluu kisichotosha kufutia miwani. Kwa kipande hicho natakiwa kulipa laki 8! Kwa hesabu hiyo, wavuvi wa Mji wa Kale wangekuwa matajiri kuliko masultani.

Lakini laki 8 si kitu. Kilichonichoma ni kiti. Tukiwa bado tunazungumza, aliingia bwana mmoja aliyeteremka kwenye treni ya Nairobi, anakokota begi la magurudumu, na huyo dalali wetu akanitazama akasema: "Mama, hebu inuka umpishe mnunuzi akae." Mnunuzi! Na mimi mwenye hundi mkobani ni nani? Mle ofisini mlikuwa na viti vingine viwili, kimoja kimewekwa magazeti na kingine kimewekwa feni. Magazeti yalikaa. Feni ilikaa. Mimi nikasimama.

Nimezaliwa mahali ambapo hata anayekuja kudai deni hukaribishwa barazani kabla ya kusema alilolijia. Sitaki ushauri wa sheria. Nataka kila mwenye kutafuta nyumba Mombasa ajue kwamba mtu yule aliniambia niinuke.

Fundi wa Bombolulu:
Pole sana, dada. Mimi aliniuzia nyumba iliyo "dakika tano kwa miguu hadi ufuoni". Nilitembea dakika 40, mtoto mgongoni, na tulipofika maji yalikuwa yameshakupwa.

Karani Mstaafu:
Binti wa Kuze, umesema hutaki ushauri wa sheria, na huo ndio uliokukosa. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), inataka mapatano ya kuuza ardhi au nyumba yawe ya maandishi, yatiwe saini na pande zote, na kila saini iwe na shahidi. Mkono na dua si mkataba. Nimefanya kazi katika ofisi za mawakili kwa miaka mingi, na nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hili hili. Arubuni inaingia katika akaunti ya wakili, mkataba unatiwa saini, kisha zinahesabiwa siku 90 za kukamilisha, na hapo hakuna mtu wa kukuongezea bahari. Wiki mbili nzima ulikuwa unangoja nini?

Binti wa Kuze:
Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa nangoja hundi itoke. Ila hujasema neno lolote kuhusu kiti.

Mwana wa Likoni:
Shangazi, samahani, lakini watu wa kisiwani mnajitakia. Milioni 8 kwa vyumba viwili na bomba linalovuja! Huku kwetu, kwa pesa hizo, ungepata kiwanja ukajenga na ukabakiwa na za kufungulia duka. Na tangu njia ya Dongo Kundu ikamilike, mtu anatoka kusini hadi Miritini bila kupanda feri. Lakini neno Likoni hamtaki kulisikia, kwa sababu mnataka kuandika "Nyali" kwenye kadi za harusi.

Msimamizi wa Jengo:
Mimi nasimamia jengo jipya huko Bamburi. Fleti 9 hazijapata mtu tangu tufungue, na mwenyewe hashuki hata shilingi moja. Alikopa benki mwaka 2024, riba ya Benki Kuu ilipokuwa asilimia 13, na anataka kila mnunuzi amsaidie kulipa deni lile. Riba ya Benki Kuu imeshashuka, bei yake haijashuka. Kila ifikapo Desemba anaongeza, eti wageni wa bara wanakuja, nao wanakuja kweli, wanalala wiki moja na kurudi kwao.

Mkazi wa Mtopanga:
Afadhali wewe umeongezewa bahari. Mimi nimeongezewa kodi ya mtu mwingine. Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji, na Januari 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15. Muuzaji wangu akaitia yote ndani ya bei, nami kwa kuwa ushuru wa stempu unafuata thamani, nikalipa asilimia 4 ya kodi yake pia. Yaani nimeilipia kodi kodi! Nani mwenye haki zaidi ya kulia hapa?

Mjukuu wa Tudor:
Ni mimi. Nilinunua fleti bila kusoma hati hadi mwisho. Ardhi ni ya kukodishwa miaka 99 iliyoanza kuhesabiwa mwaka 1949, maana yake inakwisha 2048, na wanangu bado wako shule ya msingi. Nilipokwenda kuuza, benki ya mnunuzi ilitazama mwaka huo ikafunga faili.

Mzee wa Majengo:
Nyinyi wote mna hati za kugombania. Sisi tuna nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni zetu, ardhi ni ya mwenyewe, ambaye babu yangu alimlipa kodi ya ardhi, baba akamlipa, na mimi namlipa. Bei ya ardhi iliyo chini ya kitanda changu inapanda kila mwaka, na haipandi kwangu. Nikiuza, nauza mawe na mabati, na mnunuzi anajua kwamba siku mwenye ardhi akitaka ghorofa, mabati hayo yatamfuata begani.

Karani Mstaafu:
Mzee wa Majengo amesema la maana kuliko wote. Mambo haya yana mizizi katika sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambapo waliosajili madai yao walipata ardhi na waliokuwa wakiishi juu yake wakageuka wapangaji.

Binti wa Kuze:
Naomba turudi kwenye kiti. Mbele ya mume wangu, jamani. Alisema "inuka".

Dada wa Kisauni:
Mzee wa Majengo, huyo mwenye ardhi anakupa risiti kila unapolipa? Sisi tunamlipa mjukuu wake, ambaye anakataa kuandika chochote, na sasa amekuja mwingine anayesema mjukuu wa kweli ni yeye.