Gumzo la ukoo: Bulabo ya mwaka huu

*Shangazi Kabula (Kisesa):* Mwangaluka wanaukoo. Juni hiyo inagonga hodi, na huku jioni ngoma za mazoezi zimeshaanza kusikika. Mwaka huu Bulabo, sikukuu yetu Wasukuma ya mashindano ya ngoma, sitaki kuwatumia video. Njooni wenyewe hapa Bujora, kwenye kanisa na makumbusho yetu.

*Mama Neema (Dar):* Mwangaluka wifi. Mimi niko tayari, shida ni huyu mwanao. Anasema kule hana la kufanya.

*Neema:* Shikamoo shangazi, shikamooni wote. Nimeshasemwa, basi acha nijieleze. Kisukuma sijui, ngoma sijui. Tulipokuja kwenye msiba wa bibi, watoto wa pale waliniita "mgeni wa Dar" mpaka tunaondoka. Sasa niende tena makumbusho nikaliangalie kabila langu kwenye kabati la kioo?

*Shangazi Kabula:* Marahaba mwanangu. Umesema kweli yako na nimeisikia.

*Baba Mdogo Masanja (Kahama):* Neema, ngoja nikueleze inavyokwenda. Siku za Bulabo vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja huku, kingine kule. Hakuna meza ya majaji. Watu wakivutiwa na hawa wanakimbilia huku, wale wakitoa kitu kipya umati unahama. Aliyejaza watu ndiye mshindi. Ndiyo maana vikundi vinajifungia miezi kadhaa kutunga nyimbo na kubuni mambo, mara masanamu, mara chatu. Wewe uliyesimama pembeni miguu yako ndiyo kura.

*Neema:* Yaani nikihama nawapunguzia?

*Baba Mdogo Masanja:* Unawapunguzia kabisa, na manju wao, kiongozi wa ngoma, anakuona!

*Mama Neema:* Hapo kwenye chatu mimi naomba nikae mbali 🙏🏾

*Shangazi Kabula:* Wanaocheza nao wanaijua kazi yao wifi. Babu yuko hapa pembeni yangu, naandika anachosema:

"Wajukuu zangu, ukoo wetu uko upande wa Bagika, moja ya pande mbili zinazoshindana kwa ngoma. Wazee walitusimulia kuwa zamani waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani dawa yake ina nguvu zaidi, wakashindana kwa ngoma. Waliomfuata Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu. Mtu wa Bagalu akikuimbia wimbo wa kukudhihaki usinune. Mtungie wa kwako."

*Shija (Mbeya):* Shikamoo babu. Mimi nilidhani Bulabo ni sikukuu ya kanisa?

*Shangazi Kabula:* Ni ya kanisa pia. Inaanza na Sikukuu ya Ekaristi, misa kwanza, ndipo watu wanateremka uwanjani. Hilo ni la Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyekuja Bujora miaka ya 1950. Wamisionari wengi wa enzi zile waliiona ngoma ni upagani. Marehemu mama alikuwa akicheza kwa kujificha, akitoka kisimani anazificha njuga ndani ya mtungi. Padri Clement akaingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma kanisani, na mama akacheza mchana kweupe mbele ya wazazi wake. Alipokuwa akinisimulia hilo alikuwa anasimama.

Na Neema, hayo makumbusho unayoyasema yamezaliwa humo humo. Utemi ulifutwa 1963. Leo ngoma za watemi ziko Bujora, kwenye jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ukitoka kuziangalia unakuta nje ngoma nyingine zinapigwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye thamani ya mahali pale.

*Neema:* Hiyo ya bibi sikuwahi kuisikia 😢

*Neema:* Baba mdogo, mtu anaanzia wapi kujifunza?

*Baba Mdogo Masanja:* Anza na bugobogobo. Ni ngoma ya majembe, imetoka shambani, wakulima walilima kwa kufuata mapigo. Usishike jembe kwanza, anza na miguu. Kunja magoti, shusha kiuno, mgongo usikakamae. Ukishaizoea hiyo, jembe linapanda nawe unapumua, linashuka ngoma kubwa ikigonga. Wanaoanza wote hukimbilia kulirusha juu na kulizungusha kwa sababu ndilo linalopigiwa vigelegele. Hilo ni la mwisho kabisa, na usilijaribu sebuleni.

*Mama Neema:* Anafanyia uani na mpini wa fagio. Jirani ameuliza kuna nini, naye amejiunga.

*Neema:* Mapaja yanawaka moto. Shangazi, kikundi cha hapo kitanikubali kweli?

*Shangazi Kabula:* Nimetoka kuongea na manju sasa hivi. Anasema shule zikifungwa uje mapema, uingie mazoezini mstari wa nyuma pamoja na watoto wenzio. Hao hao waliokuita mgeni wamo. Nitakutumia viitikio vitatu kwa sauti, vishike kwanza kwa kuimba, maana yake tutakueleza ukifika. Atakayeitikia wimbo wao hawezi kuitwa mgeni tena, watamwita jina lake.

*Shija:* Mimi mwezi huo nauli ya kutoka Mbeya sina jamani. Mtanitumia picha.

*Baba Mdogo Masanja:* Hapana Shija, nusu nakutoa mimi.

*Shangazi Kabula:* Babu anasema iliyobaki ni yake, atauza mbuzi. Tusibishane naye. Mama Neema, andika majina ya wanaokuja, nipange pa kulala. Mjini Mwanza mkishashuka mnapanda daladala za Kisesa, nitawapokea.

*Neema:* Babu, nina swali. Nimekuja, nimesimama upande wa Bagika, halafu Bagalu wakatoa kitu kizuri sana. Nifanyeje?

*Shangazi Kabula:* Babu amecheka sana. Anasema: "Kimbia ukaangalie. Angalia vizuri, kisha rudi utuambie wametoa nini, na sisi tutoe kikubwa zaidi."